Mgeni Hajasindikizwa

Mke wangu Mukai hakati simu. Akikupigia, anasema yeye ndiye aliyebisha hodi, na mgeni hajifungulii mlango akatoka, mwenye nyumba ndiye humsindikiza. Kwa hiyo anaaga, kisha anangoja. Unamsikia akipumua. Mpaka wewe wa upande huu uweke chini, yeye hatoki. Natangulia kusema hivyo kwa sababu yaliyotokea Jumapili ile yalitoka kwa tabia hiyo yake, na kwa kosa dogo ndani ya programu ya binti yetu.

Mwaka ulikuwa 2007. Mukai alikuwa Boston, kwa binti yetu mkubwa, Kanini. Alikwenda kumsaidia kulea mtoto, akasema atakaa mpaka mtoto atembee. Mtoto akatembea. Akakimbia. Akaanza shule, akang'oka meno ya mbele, na nyanya yake bado yuko huko. Kanini akamtafutia karatasi za kukaa. Mimi nikabaki Nairobi, mtaa wa Mountain View, kwa chumba cha nyuma kwa Nzula, binti yetu wa pili.

Walionijua walicheka sana. Mimi ni mtu wa barabara. Nimechimba shaba Kitwe, nimepikia wajenzi Lodwar, nimelinda bohari Kigoma, nimeuza ngozi Mbale. Hata shule nilisoma vipande vipande, kidogo Kilungu kwetu, kidogo kwa misheni huko Zambia, na hesabu nikaokota sokoni. Miaka hiyo yote Mukai alikuwa nyumbani na mimi ndiye nilikuwa wa kurudi. Nilifika na vumbi langu, nikakuta uji, nikakuta watoto wameongezeka urefu. Sasa mambo yaligeuka. Yeye ndiye ameenda, mimi ndiye niko mlangoni nikiuliza kama kuna habari.

Na kungoja sikufundishwa popote. Asubuhi nilikuwa natoka Mountain View kwa miguu, nashuka Waiyaki Way hadi mjini, ama nakata Kangemi na Kawangware mpaka Adams Arcade, nazunguka Jamhuri, narudi. Sikuwa na shughuli huko. Ni miguu tu ilikuwa ikitafuta kazi.

Ndipo Dalmas akanipata. Dalmas ni rafiki wa barabarani, tumelala chini ya lori moja tukiwa vijana. Alikuwa anapakia simiti kupeleka Juba. Vita vya kule viliisha, watu walikuwa wanajenga.

"Kivuva, unaoza hapo," akaniambia. "Mimi sina mpishi. Jumanne tunatoka."

Nikamwambia anipe mpaka Jumapili. Jumapili nilikuwa na swali moja la kumuuliza Mukai: unarudi, ama hurudi? Akisema anarudi, nitakaa. Akisema harudi, kwa nini nilinde kitanda cha watu wawili Mountain View? Mkoba nilikuwa nimeshaufunga, uko nyuma ya mlango.

Mtu atasema, si ungempigia simu umuulize? Nilikuwa napiga. Kadi ya simu ya kwenda ng'ambo wakati huo ilikuwa inayeyuka kama barafu kwa kiganja. Kabla hujamaliza kuuliza mvua, imeisha. Na Mukai ukimuuliza jambo asilotaka kujibu, anasema, "Haya, pesa yako inaisha," na anangoja uweke chini. Swali kama langu linahitaji nafasi ya kukaa na kunyamaza katikati.

Nafasi hiyo ilikuwa kwa Nzula. Yeye na mwenzake Thuo walikuwa na saiba, duka la intaneti, mjini, ghorofa ya pili, karibu na Moi Avenue. Kaunta iko mlangoni, kompyuta katikati, na ukutani vibanda vitano vya mbao vyenye vipokea sauti. Walikuwa wanatengeneza programu yao wenyewe ya watu wa ng'ambo kuongea na watu wao kupitia intaneti, bila kadi. Nzula alimtumia Kanini kipande cha programu hiyo cha kuweka kwa kompyuta ya jikoni. Mukai anabonyeza picha ya mlango, na huku kaunta inabisha. Hiyo picha ya mlango Nzula aliiweka kwa ajili ya mama yake.

Shida ilikuwa hapa. Mukai anabonyeza mlango wake Jumapili, kwao asubuhi, kwetu jioni inaingia. Spika ya kaunta inalia, kisha sauti yake inatoka mbele ya kila mtu: "Halo? Baba Kanini?" Mimi nafinya kitufe cha maiki na kusema, "Niko, ngoja niende kibandani." Nzula anamhamishia kibanda cha tatu. Nakimbia, naketi, navaa vile vitu masikioni. Kimya. Hata mlio hakuna. Kimya kama umefunikwa blanketi.

Jumapili baada ya Jumapili, nikawa napata maneno matatu. Halo, Baba Kanini. Niliyabeba wiki nzima Waiyaki Way, nikiyageuzageuza kama mtu anayenyonya mbegu ya embe iliyokwisha utamu.

"Si niongee naye papa hapa kaunta?" nikamuuliza Nzula.

"Baba, ukikalia laini hapa hakuna mwingine ataweza kubisha. Na unataka kuongea na Mama mbele ya hawa wote?"

Nikaangalia hawa wote. Kijana wa mpira alikuwa anafuatilia magoli, na mama mmoja mnene, Naliaka, alikuwa akija kila wikendi kuchapisha barua za kuomba kazi, akizisoma kwa sauti ili tumrekebishie. La. Swali langu halikuwa la watu hao.

Jumamosi ile ya mwisho nikatembea mpaka Jamhuri. Mamake Thuo ana ploti huko, vyumba vya kukodisha mstari mmoja, na stima ya mjini ilikuwa imepotea, kwa hiyo Nzula na Thuo walikuwa wanafanyia kazi barazani. Niliwakuta wamenuniana. Nikaketi kwa ndoo iliyogeuzwa.

"Nielezeni kama mtoto," nikasema. "Huyo mama anapotelea wapi kati ya kaunta na kibanda? Ni hatua chache!"

Nzula akasugua macho. "Baba, kaunta ni programu moja. Kila kibanda ni programu yake, peke yake. Tulizitenganisha makusudi. Zamani ilikuwa kitu moja, kibanda kimoja kikianguka, wote wanakatika. Sasa kila mmoja ana chumba chake na meza yake. Laini ya Mama ikiingia, kwa meza ya kaunta inapewa nambari. Tuseme saba."

"Saba."

"Mimi nilikuwa naambia kibanda, chukua saba. Lakini saba ni ya meza ya kaunta. Kwa meza ya kibanda, saba haina kitu."

Hilo nilielewa upesi. Kitwe tulikuwa tunalala nyumba za wachimbaji, kila nyumba na misumari yake ya koti ukutani. Mtu wa nyumba nyingine akuambie koti lako liko msumari wa saba, ukaenda kutafuta kwa ukuta wenu, utarudi na baridi.

"Kwa hivyo hamumpi laini," nikasema. "Mnampa nambari ya msumari."

"Ndio hiyo, Mzee," Thuo akasema. "Na mimi nimemwambia huyu binti yako tangu juzi, laini si ya kaunta. Ni ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nani?"

"Kompyuta yenyewe. Ile roho yake ya chini inayoendesha hizi zote. Angalia hapa kwa mathe wangu. Mpangaji akitaka kuingiza mwenzake kwa chumba, hawezi kumwambia tu nambari ya mlango. Wanaenda kwa mathe wote wawili, mathe anachonga ufunguo mwingine. Sasa watu wawili wana funguo, chumba ni kile kile."

"Basi si muende kwa mathe," nikasema.

"Ndio nataka tufanye! Huyu anasema ni kazi mingi."

"Nilisema ni kazi mingi *leo*," Nzula akajibu. "Usinibebe hivyo kwa baba yangu."

Mamake Thuo akapiga kelele kutoka ndani kwamba kama tunamsengenya tumsengenye kwa sauti asikie vizuri. Tukacheka. Kisha wale wawili wakainamia mashine mpaka betri ikaisha, na wakati wa kuondoka Nzula alikuwa anapiga mluzi. Nikajua wamefika kwa mwenye nyumba.

Jumapili nilivaa shati la kanisani na sikulivua. Saiba ilikuwa imejaa. Spika ikalia.

"Halo? Baba Kanini?"

"Niko, Mama Kanini. Ngoja."

Nzula akabonyeza. Nikaingia kibanda cha tatu na kujifungia.

"...naambiwa ngoja, nangoja," Mukai alikuwa anasema. "Kila wiki ni ngoja tu."

Sauti ilikuwa ndani ya kichwa changu, karibu kuliko mtu anavyokuwa karibu kitandani. Nilisikia hata lile kwaruzo la kooni analopata asubuhi.

"Umekufa?" akauliza.

"Niko."

"Mguu?"

"Mguu mzima."

"Sikuulizi uzima wake. Nauliza unaelekea wapi."

Huyo ni Mukai. Tukaongea. Akaniuliza kama Nzula anakula ama anakunywa chai tu, nikamuuliza kama bado anatembea barabarani na kanga juu ya koti, akasema wazungu wamezoea, hata mmoja amemuuliza inanunuliwa wapi. Tulinyamaza pia. Kunyamaza bila kuogopa kadi, hiyo ndiyo raha niliyokuwa nimesahau.

Mwisho nikalitoa.

"Mama Kanini, unarudi?"

Maji ya mfereji wao yakawa yanadondoka mahali.

"Mungu akipenda," akasema. "Kuna mambo naweka sawa hapa kwanza."

"Mambo gani?"

"Mambo tu. Unajua mambo hayaishi. Haya, Baba Kanini, umshike Nzula mkono kwa niaba yangu. Kwaheri."

Akangoja, kama kawaida yake. Nilimsikia akipumua. Nikaacha apumue kitambo, halafu nikafinya kitufe cha kumaliza, na ile sauti ndani ya kichwa ikazimika.

Mungu akipenda. Mtu anayerudi hasemi hivyo kwa sauti ile. Nilisema hivyo mwenyewe mara nyingi nikiwa mbali, najua uzito wake. Basi ni Jumanne, nikajiambia. Ni Juba.

Nikatoka kibandani. Nzula alikuwa akingoja kwa meno yote nje. "Imekubali, Baba? Imekubali?" Nikamwambia imekubali. Akaruka, akamgonga Thuo begani, akashuka ngazi kununua mandazi ya kusherehekea. Thuo akarudi chini ya meza yake kufunga waya. Mimi nikaambiwa nikalie kaunta.

Nikaketi. Naliaka alikuwa amesimama mbele yangu na karatasi zake.

Spika ya kaunta ikatoa mlio wa sahani.

Nilidhani ni ya jirani. Kisha maji yakafunguliwa, yakafungwa, na mtu akaanza kuimba kwa mdomo uliofungwa ule wimbo wa Mukai wa kupepetea maharagwe. Nikamtazama Naliaka. Naliaka akaitazama spika.

"Nyanya, tuanze," mtoto akasema kwa Kiingereza. Huyo ni Debra, wa Kanini. Kiingereza changu ni cha migodini, lakini mtoto alikuwa anasema polepole kwa ajili ya nyanya yake. "Mimi ni afisa. Bendera ina rangi gani?"

"Nyekundu, nyeupe na buluu," akasema Mukai, kwa Kiingereza pia, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"Nyota ngapi?"

"Hamsini."

"Zinasimamia nini?"

"Majimbo. Haya mengine nimeshika, uliza yale magumu tuliyofundishwa darasani kule kanisani. Yale ya mtu mwenyewe."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Mume wako anaishi wapi?"

Maji yakafunguliwa tena. Yakafungwa.

"Ruka hilo."

"Afisa hataruka, Nyanya."

"Basi nitasema Nairobi."

"Nairobi wapi?"

"Nairobi tu. Leo yuko Nairobi. Yule ukishajua mlango wake, amehama."

Yule mtoto akacheka. Mukai hakucheka.

Hapo ndipo Nzula alipoingia na karatasi ya mandazi. Akasimama. Akasikia mama yake akiambiwa ataje vyumba viwili vya bunge la Marekani. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazi.

"Woi," akasema. "Sikurudisha ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa kaunta. Nilipopatia kibanda laini, kaunta ilibaki na yake. Wewe ulifunga ya kibanda, lakini laini haiishi mpaka wa mwisho afunge. Mama kwake bado inaonyesha iko wazi. Na kibanda kikiwa huru, kaunta inarudi kusikiliza kila kitu imeshika." Akanyoosha mkono kwa kibodi. "Ni mstari mmoja tu. Wacha nimkate kabla hajasema mambo ya watu."

Nikamshika mkono.

"Huo ni mtihani wa nini anafanya?"

Nzula akatazama sakafu. "Wa kuwa raia, Baba."

"Ulijua?"

"Kanini aliniambia kidogo. Akipata, anaweza kukaa nje ya Marekani muda anaotaka na kurudi kwa mtoto bila kuulizwa. Anaweza hata kukuitisha wewe. Lakini hataki ujue mpaka apite. Anasema akifeli utamcheka."

"Na kitambulisho cha huku?"

"Hiyo anarudisha. Sheria yetu haikubali uraia wa nchi mbili."

"Akija kutuona?"

"Atakuja na viza."

Mukai wa Kilungu na viza. Apange foleni ya wageni pale uwanja wa ndege, aulizwe amekuja kutembea kwa muda gani. Nilitaka kucheka na sikuweza. Ili aweze kuja, ilibidi aache kuwa wa hapa. Na mtu wa kumfungulia mlango, mimi, Mukai hajui yuko mlango gani.

"Baba, nifunge?"

Kwa spika, Debra alikuwa anarudia kama afisa asiyechoka: "Mume wako anaishi wapi?" Na Mukai akawa anapanga maneno, "Anaishi... anaishi..."

"Mzee," Naliaka akasema, "wewe si ndiye huyo mume? Mbona umekaa kama gunia? Ongea!"

Kijana wa mpira alikuwa ameacha magoli. Thuo alikuwa ametoa kichwa chini ya meza. Wote wananiangalia. Simu ikatetema mfukoni mwangu, na nilijua bila kuitoa kwamba ni Dalmas anataka jibu. Nikaiacha itetemeke.

Nikafinya kitufe cha maiki.

"Mama Kanini."

Kitu kikaanguka Boston na kuvunjika.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Hujasindikizwa. Laini haikufungwa."

Akauliza kwa Kikamba, polepole: "Umesikia tangu wapi?"

"Tangu bendera."

"Ehe." Akavuta pumzi. "Basi cheka."

"Sina kicheko. Mwambie mtoto aulize tena lile la mwisho."

"Baba Kanini, kuna watu hapo. Nasikia watu."

"Wako. Wacha wasikie. Debra, uliza."

Debra akauliza, sasa kwa sauti ndogo, maana afisa mwenyewe alikuwa ameogopa: "Mume wako anaishi wapi?"

Nikajibu mimi.

"Mountain View. Ukitoka Waiyaki Way unaingia mkono wa chini, unapita kanisa, unapita duka la gesi, geti la kijani lenye kutu upande mmoja. Usiende nyumba kubwa, hiyo ni ya Nzula. Zunguka nyuma. Mlango uko karibu na tangi la maji. Kitasa ni kibovu, unainua kidogo ndipo unasukuma."

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote mahali ninapokaa kwa urefu namna hiyo. Naliaka alikuwa anatikisa kichwa kana kwamba ni yeye anaelekezwa.

"Unainua kidogo," Mukai akasema.

"Kidogo tu."

"Na hiyo itakuwa kweli mpaka lini?"

Simu ikatetema tena mfukoni, ikachoka, ikanyamaza.

"Mpaka ubishe hodi," nikasema. "Hata kama umekuja na viza."

Nzula alikuwa amesimama kando ya kibodi, mikono nyuma, mandazi yakipoa na kutia karatasi mafuta. Kule ng'ambo Debra akauliza, "Nyanya, unalia?" na Mukai akamwambia afagie vile vipande vya sahani kabla mama yake hajaamka.

"Rudia," akaniambia. "Kuanzia kanisa. Niishike kichwani, huko hawaniruhusu kusoma popote."

Nikarudia. Kanisa, duka la gesi, geti la kijani. Akaisema baada yangu kama mtoto wa shule, akakosea tangi, nikamrekebisha, akaipata. Mtu mpya alikuwa ameingia akitaka kompyuta, Thuo akamfanyia ishara angoje.

"Haya," Mukai akasema. "Mimi nimeenda. Sasa unisindikize vizuri, si kama ile ya kwanza."

"Nakusindikiza."

Nzula akanionyesha kitufe kwa kidole. Nikaweka changu juu yake bila kufinya. Kwa spika alikuwa anapumua, na nyuma yake ufagio ulikuwa unakusanya sahani. Nikamwacha afike mpaka getini.